Dereva Niliyempeleka Kimondoni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Foleni ya mpaka wa Tunduma haisogei. Malori yamepangana kurudi nyuma kuelekea Mpemba, madereva wameshuka, wengine wanafua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Baridi kali, vumbi kali zaidi. Dada Diana, mwenye mgahawa, anafurahi — foleni ikikaa, chakula kinaisha. Mimi nabeba sahani. Diploma ya utalii, nimekaa mapokezi Arusha mpaka kampuni ikapunguza watu, na leo kazi yangu ni kuuliza, "Ugali au wali?"

Mchana dereva mmoja Mzambia, Edson, mtu mzima mpole, kaniuliza: hivi huku kwenu kuna nini cha kuona? Sijafungua mdomo, Diana kashajibu kutoka jikoni. Hapa hakuna kitu, baba. Hapa mpakani, watu wanapita tu.

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka! Halafu hasira zikanipanda nikiwa naosha vyombo, nikavunja kikombe.

Hakuna kitu? Kimondo kile pale Ndolezi. Maji moto ya Nanyala. Mapango ya popo bonde la Songwe. Ukipita Galula unakwenda zako mpaka Ziwa Rukwa. Ileje nzima! Arusha nilikuwa naeleza wageni habari za kreta kama vile nimezaliwa ndani yake. Kwetu Isansa sijawahi kumpeleka mtu hata kwenye kahawa ya baba.

Jumanne, 10 Juni

Violet kapiga simu kutoka Arusha. Lodge moja inataka mtu wa mapokezi, kanisemea. Niripoti Jumatano ijayo bila kukosa. Anapiga kelele kwa furaha kuliko mimi. Nikasema ndiyo, ndiyo, asante shosti. Nikakata. Nikaanza kuzunguka chumba. Nikatoka nje. Nikarudi. Diana kaniuliza kama nina minyoo.

Jioni Edson kaja kula tena. Nikajikuta namwambia: kesho nakupeleka ukaone jiwe lililoanguka kutoka mbinguni. Akadhani natania.

Jumatano, 11 Juni

Tumeenda!

Tulichukua Noah ya Lusubilo, kijana wa teksi anayekula hapa kwetu. Edson aliacha ufunguo wa lori kwa mwenzake Gibson, dereva wa Dar aliye nyuma yake kwenye foleni — foleni ikisogea, amsogezee. Gibson akasema nenda mzee, hata Krismasi hatutakuwa tumefika getini.

Nilikwenda Kimondoni mara moja, darasa la tano, nakumbuka njaa tu. Leo nimekiona. Cheusi, kimelala kwenye shimo lake kama ng'ombe aliyegoma kuamka. Kuna sehemu zimekatwa kwa msumeno, watu walichukua vipande zamani. Edson akavua kofia. Akaweka kiganja. "Baridi, mukwai," akasema, kwa neno lao la heshima. "Baridi mpaka kwenye mfupa." Akakigonga kwa pete yake, kikalia kama reli. Mlinzi akamfokea. Edson akaomba msamaha kwa mlinzi, halafu — nilimwona! — akaomba msamaha na kwa Kimondo.

Nilieleza kila kitu. Chuma, nikeli, jinsi wenyeji walivyokifahamu muda mrefu kabla ya wageni kuja kukipima. Sauti yangu ilikuwa nyingine. Sikuwa nasoma kwenye karatasi ya mtu.

Tukiwa tumekaa kilimani akaniuliza Ileje iko upande gani. Nikamwonyesha. Halafu akasema marehemu mama yake alizaliwa huko. Mume alikuja kumchukua akampeleka Kitwe kwenye migodi, akiwa binti mdogo, hakurudi tena. Edson miaka yote anapita Tunduma na lori, hajawahi kukata kona. Ratiba, akasema. Ratiba haina kona.

Nimerudi nikiwa mwepesi. Diana kanuna, sijui kwa nini. Nitamuuliza.

Baadaye: Nimeshajua kwa nini. Foleni ilisogea mchana.

Alhamisi, 12 Juni

Gibson alisinzia. Anasema mwenyewe, analia kama mtoto: hajalala siku nyingi, akapitiwa. Malori yakaanza kwenda, pakabaki pengo kubwa mbele ya lori la Edson, watu wakapiga honi, wakatukana, wakaanza kupita pembeni. Mtu mmoja akapiga picha ya kiti kitupu cha dereva akamtumia mwenye lori Ndola. Basi. Jana hiyohiyo jioni dereva mwingine alivuka kutoka Nakonde kaja kuchukua ufunguo. Edson akashusha begi lake, blanketi na sufuria.

Kisa jiwe.

Kisa mimi.

Diana kasema hivi, bila hata kupaza sauti: mtalii akishatembea anarudi kwao, Tumpe. Huyu ulikuwa umemtoa kazini.

Sijala.

Ijumaa, 13 Juni

Edson bado yuko. Analala gesti ya nyuma ya soko. Nilifikiri atavuka aende kwake, mpaka si uko palepale? Kaja kunywa chai. Nikajificha jikoni. Diana akanisukuma nje na birika mkononi.

Nikamwambia nisamehe, baba.

Akamimina chai. Akasema amekasirika, nisidhani hajakasirika. Usiku alinikasirikia mimi, akamkasirikia Gibson na mwenye lori, akajikasirikia na mwenyewe. Asubuhi akaamka, kwa mara ya kwanza tangu ujana hakuna mahali anapongojwa. Nyumbani hajawaambia bado.

"Sasa nina nafasi," akasema. "Nipeleke kwa bamayo, kwao mama yangu."

Nikamwambia Jumatatu alfajiri nasafiri, napanda basi la Arusha. Akasema kwani kesho kutwa si Jumapili?

Jumamosi, 14 Juni

Nimekata tiketi. Nimepanga begi. Nimelipangua. Baba kapiga kutoka Isansa, kahawa imeanza kuiva, anauliza nitapita kuwaaga. Sikumjibu vizuri. Violet katuma picha ya lodge — bwawa, maua, mapazia meupe. Pazuri kweli. Mbona moyo hautulii?

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa Ileje, nimekaa kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, uani kwa watu. Ndani wanagombana. Niandike kwa haraka.

Tulitoka mapema na Noah ileile. Kutoka Mpemba lami tupu, inapinda na milima. Lusubilo anaimba, Edson hasemi. Alikuwa amevaa shati jeupe alilopiga pasi. Ukungu uko chini yetu kama maziwa yamemwagika bondeni. Kila kona mlima mwingine, kila mlima una mashamba mpaka kichwani. Nilitaka kusimamisha gari kila mahali. Mungu wangu, na mimi nilikuwa nauza Ngorongoro!

Alichokuwa nacho ni vitu viwili. Jina la ukoo wa mama, Kibona. Na kwamba nyumba yao ilikuwa juu ya mji wa Itumba, karibu na maporomoko ambayo mama alisema usiku yanasikika kama watu wengi wanaongea mbali. Kibona huku ni kama mawe, wako kila mahali! Tukaenda kanisani, tukangoja ibada iishe. Mama mmoja wa kwaya akatupeleka kwa mwingine, mwingine akatupeleka kwa mwingine. Maporomoko yapo mengi, wakasema, mnataka yapi? Edson akawaambia: yanayoongea. Hawakucheka. Wakajadiliana kwa Kindali, wakanyoosha vidole upande mmoja.

Tuliacha gari, tukapanda kwa miguu kwenye migomba. Tukayasikia kabla ya kuyaona. Edson akasimama. Si makubwa, hayako kwenye kipeperushi chochote, maji yanashuka kwenye ngazi za mawe meusi, ndege wanaingia nyuma ya maji na kutoka. Na kweli — umati wa watu, mbali. Akainama akanawa uso. Akanawa tena. Nikatazama pembeni.

Nyumba iko juu kidogo. Bibi mmoja alikuwa anapepeta maharage. Bibi Gwalugano. Edson akajikongoja kwa Kindali kile cha mama yake, cha kitoto, cha Kitwe, akataja jina la mama: Tusekile. Ungo ukaanguka, maharage yakaenda kila upande. Ni mdogo wa Tusekile! Alimshika Edson pua. Pua! Anasema hiyo ni pua ya dada, hiyo ni pua ya nyumba hii. Akamwambia mimi ni mama yako mdogo, mbona umechelewa, mwanangu, mbona umekuja na mvi.

Nililia, niandike ukweli. Lusubilo naye alisema kaingiwa na mdudu jichoni.

Halafu akaja Ombeni.

Huyu ni mtoto wa kaka yao marehemu, ndiye mwenye mji sasa. Katoka shambani na panga, kapewa habari, hakusalimia vizuri. Wameingia ndani. Mimi Mnyiha, Kindali nakisikia nusu, lakini nusu inatosha. Anauliza kwa nini sasa. Tusekile alipofariki mbona hakuna aliyeleta habari. Miaka yote hakuna mtu, lami imefika, viwanja vimepanda, ndiyo ndugu wanachipuka? Anasema kuna watu wanazunguka na wapimaji, wanaulizia maporomoko, wanataka kujenga hoteli. Huyu katumwa! Bibi anamwambia nyamaza. Hanyamazi. Edson nasikia anasema neno moja tu, awe, awe, hapana, hapana.

Jua limeshaingia nyuma ya mlima. Lusubilo, aliyeshuka kuangalia gari, kapanda kuniita: taa moja ya gari haifanyi kazi, tukichelewa hatutoki huku. Basi langu linaondoka alfajiri. Violet kapiga mara mbili, mtandao unakata. Begi liko tayari kwa Diana. Nikiondoka sasa hivi nafika. Edson ana ndugu zake, wagombane, wapatane, mimi inanihusu nini?

Mlango umefunguliwa. Ombeni yuleyule. Panga ameliacha ndani.

Ananiambia: "Dada, wewe ndiye uliyemleta. Ingia utuambie ni mtu gani, na anataka nini."

Nimemtazama. Bibi yuko nyuma yake, ameshika mkono wa Edson kwa mikono yake miwili, hauachii.

Lusubilo anauliza, tunaenda au hatuendi?

Nimemwambia ashuke akafunge gari vizuri. Naingia.