Ndege ya Makokha na Miwa ya Mama

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha Kakamega tangu saa nane, na mabati ya wodi yanapiga kelele hadi sisikii kama mume wangu anapumua. Kila mara nainama kusikiliza.

Shajara yangu, nimeolewa wiki tatu sasa. Hata leo, amelala na mrija mkononi, nimemtazama nikasema: huyu mzuri ni wangu.

Makokha ni fundi wa kuchomelea pale Ekero. Kwa miaka miwili ameunda ndege kwa mabomba ya chuma, turubai na injini ya pikipiki. Ubavuni aliandika jina langu kwa rangi nyekundu. Nani mwingine ameandikwa kwenye ndege hapa kwetu Musanda?

Lakini niliogopa. Nilisoma kwenye simu visa vya watu wa nchi nyingi waliojitengenezea ndege nyumbani, wakaanguka nazo. Nilidhani nitakuta habari za mabawa kuvunjika. Nilichokuta mara kwa mara ni injini kuzimika, ndege ikiwa ndiyo kwanza imeinuka. Rubani anataka kurudi alikotoka, anageuza, mwendo unakwisha, anaanguka. Waliokwenda mbele moja kwa moja, hata vichakani, niliwasoma wakisimulia wenyewe.

Nikamwandikia kwenye kipande cha katoni: USIGEUKE. Alikibandika mbele ya kiti chake akicheka. "Sawa, mwalimu."

Jana aliirusha kutoka barabara ya matrekta ya miwa. Iliinuka kweli. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kisha injini ikanyamaza.

Mbele yake kulikuwa na shamba la mama yangu, miwa mirefu iliyosongamana, ya kumpokea mtu kama godoro.

Makokha akageuka.

Nilimuuliza kwa nini, ndani ya gari lililotuleta hapa. Alisema polepole, "Mama alikuwa amesimama pale. Ningeangukaje shambani kwa mama mkwe, na bado sijakaribishwa bomani kwake?"

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia kando. Ndiyo maana mama hakusimama na watu wengine. Alijitenga kule mwisho, ukingoni mwa miwa yake.

Na mimi ndiye niliyemwalika. Nilitaka aone nimeolewa na mtu wa aina gani.

Leo asubuhi daktari aliniletea fomu. Mguu wa kulia usingeokoka, na Makokha alikuwa hajitambui tena. Nilitia sahihi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika jina lake baada ya langu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi nyuma ya daftari, tena na maua pembeni.

Mama alikuja saa tisa. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, leso kichwani, uso ameuelekeza ukutani.

"Mwambie miwa inakatwanga na inaota tena," akasema. "Angeiangukia tu, mwanangu."

Blanketi limelala bapa upande mmoja. Niliweka mto pale ili akiamka asishtuke, kisha nikauondoa. Sitaanza ndoa yangu kwa kumficha jambo.

Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono. Ila nianze na lipi, la mguu au la miwa?