Gari la Milango Minne na Mama Mkwe Aliyepimwa Amesimama

Mshauri wa ukurasa wa nane, pokea salamu zangu na uniwie radhi kwa mwandiko, mkono huu umezoea chaki kuliko kalamu. Mimi ni fundi wa suti mstaafu, nina miaka sitini na tisa, mke mmoja, mama mkwe mmoja, na shida moja yenye milango minne.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Tulikuja mji huu miaka thelathini na nane iliyopita, si kwa kupenda, tukasema tutakaa miezi sita tu hali ya kwetu itulie, tukapanga vyumba vitatu ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya umeme, na kwa kuwa tulikuwa watu wa kuondoka wakati wowote hatukununua kitu chochote kizito, kwa hiyo meza yetu ni ya kukunja, viti ni vya kukunja, kitanda ni cha kukunja na kimewahi kujikunja chenyewe nikiwa ndani, na kila mke wangu alipotamani kabati la mbao nilimwambia, "Mama watoto, siku ya safari tutalibebaje?" naye akawa ananyamaza, na miezi sita ile, mshauri, ndiyo hii tunayoendelea nayo.

Mwezi huu yametokea mambo mawili katika wiki moja. Kwanza nilimuuzia fundi mwenzangu karakana yangu, cherehani tano, pasi na wateja wangu wote pamoja na matumbo yao, nikapata fedha ambazo sijawahi kuzishika kwa mpigo. Pili, mwenye nyumba alipanda ngazi, akakaa kwenye kiti cha kukunja kwa wasiwasi kama wanavyokaa wageni wetu wote, akasema anauza jengo, kila ghorofa peke yake, na kwa kuwa sisi ni wapangaji wa zamani anatupa nafasi ya kwanza, ila jibu alipate si zaidi ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwa sababu kuna daktari wa meno anavitaka vyumba vyetu. Mke wangu alimmiminia chai na kumwekea sukari vijiko vitatu bila kumuuliza. Kesho yake nikienda kupimwa presha nikapita mbele ya duka la magari.

Lilikuwa nyuma ya kioo. Bluu iliyokolea, ile bluu ya sufu ya bwana harusi asiyetaka ionekane amehangaika. Nikaingia nikijiambia naomba maji tu. Muuzaji akanifungulia mlango, nikaona viti vya ngozi vimeshonwa mshono wa mara mbili, milimita tatu baina ya mstari na mstari, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuyumba hata mara moja, na mimi nimeshona miaka hamsini, najua aliyeshona vile alikuwa na utulivu moyoni ambao mimi niliwahi kuwa nao zamani na sikumbuki niliuacha wapi.

"Mzee wangu," muuzaji akasema, "hili ni la kifahari na ni la mbio, yote mawili. Linatoka sifuri hadi mia kwa sekunde nne."

"Linakwenda wapi kwa haraka hivyo?"

"Popote, mzee wangu."

Hapo ndipo nilipopotea. Popote! Nikaanza kufikiri, nyumba ukiinunua inabaki pale pale, siku ya kurudi kwetu haitafuatana nasi, lakini gari ni kitu cha kuondoka nacho, unaweka mke mbele, mama mkwe nyuma, mabegi kwenye buti, unawasha. Tena lina milango minne, kwa hiyo si anasa, ni gari la familia. Naikumbuka barabara ya kwetu vizuri kabisa, ukiiacha lami unakwenda nusu siku kwenye changarawe, kuna daraja la magogo, kuna mahali maji hayakauki mwaka mzima, na nilijiona nafika pale, watu wanatoka nje kutazama.

Nimekwenda dukani mara sita. Mara ya tatu nilichukua tepu yangu ya kupimia. Kutoka sakafuni hadi tumbo la gari, sentimeta kumi na mbili. Kiti cha nyuma, upana sentimeta arobaini na nane, kina mashavu mawili yaliyoinuka kila upande. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama mkwe asimame jikoni nimpime, nataka kumshonea koti. Ana miaka themanini na minne, akasimama wima kama askari, akatabasamu, akafumba macho. Upana wake ukawa sentimeta arobaini na nne. Zikabaki nne, nafasi ya kutosha hata kwa bitana. Nikaona Mungu mwenyewe amekubali.

Jumatano ya wiki iliyopita tukaenda kulijaribu. Mimi kwenye usukani, muuzaji pembeni yangu, mke wangu na mama yake nyuma. Mama mkwe aliingia kwa kichwa kwanza, akageuka, akaketi, na hapo nikakumbuka jambo ambalo fundi hatakiwi kulisahau, kwamba mtu aliyeketi huwa si yule aliyesimama. Alitanuka, mshauri. Mashavu ya kiti yakamshika huku na huku.

"Mkwe wangu," akasema, "kiti hiki kimenikumbatia."

"Ndiyo raha yake, mama," muuzaji akadakia. "Kinamshikilia abiria kwenye kona."

"Mimi siko kwenye kona. Niko dukani."

Tukatoka. Mbele ya kituo cha mafuta kuna tuta, nikalipanda polepole sana, chini yetu ikasikika sauti kama ya mkasi mkubwa unaokata bati, muuzaji akafumba macho na midomo yake ikawa inatembea. Kwenye barabara iliyonyooka nikakanyaga mafuta kidogo, kidogo tu, na mama mkwe akatamka neno ambalo sijalisikia tangu tulipoondoka kwetu, na sidhani kama hata kule lilikuwa linaruhusiwa.

Tuliporudi dukani hakutoka. Mimi namvuta mikono, mke wangu anamsukuma kutoka upande wa pili, muuzaji ameshika mlango anasema, "Taratibu na ngozi, jamani, taratibu na ngozi," na mama mkwe anamjibu, "Ngozi ya nani unayoihurumia?" Msafishaji wa duka akaja na chupa ya sabuni ya vioo akauliza kama itasaidia. Hatimaye alitoka, kiatu kimoja kikabaki. Akajishikilia begani kwangu, akahema, akaniuliza mbele ya watu wote, "Na koti langu liko wapi?"

Nyumbani mke wangu hakupiga kelele. Alisema, "Baba watoto, lina milango minne. Ukilinunua, chagua mmoja ukalale karibu nao." Nikacheka, yeye hakucheka. Akaanza kukunja viti vya chakula kama afanyavyo kila siku ili tupate pa kupita, akafika cha tatu akakiacha. "Miaka thelathini na nane nakunja," akasema. "Nimechoka kukunja." Akaingia chumbani.

Sasa nifanye nini? Muuzaji anataka malipo ya awali Ijumaa hii, mwenye nyumba anataka jibu Ijumaa hiyo hiyo, fedha zinatosha kitu kimoja. Nikinunua vyumba, nani atabaki katika familia hii wa kusema tunarudi? Na nikinunua gari, naogopa nitabaki mimi nalo tu. Je, gari hili linastahili? Nijibu upesi.

Ni mimi, Fundi wa Ghorofa ya Pili

*

Mzee wangu Fundi,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya barua ya mama mmoja ambaye mumewe anakoroma. Atanisamehe, amevumilia miaka kumi na miwili, wiki moja haitamdhuru. Wewe una siku mbili.

Kwanza nikukaripie nipumue. Miaka hamsini unashona suruali, kila suruali unaiachia kitambaa cha ziada nyuma kwa sababu unajua wateja wako wataketi, halafu mwanamke wa miaka themanini na minne unampima kama mlingoti wa bendera na kumkabidhi kwa kiti! Tena kwa kumdanganya habari za koti. Hebu ona aibu kidogo. Ukimaliza kuona aibu, endelea kusoma.

Umeniuliza kama gari linastahili. Nilimtuma mwandishi wetu wa michezo akaliangalie. Amekaa huko mchana mzima, amerudi macho yamelegea na anaulizia kupandishiwa mshahara. Kwa hiyo sikatai, ni gari zuri sana, na aliyeshona vile viti anastahili sifa zote ulizompa. Kuna mtu linamfaa. Mtu huyo ana nyumba tayari, ana barabara laini kutoka getini kwake hadi ofisini, na mama mkwe wake anaishi mbali. Wewe huna hata kimoja. Na hayo maneno ya milango minne yaache kabisa. Kabati la mafaili hapa ofisini lina milango minne na hakuna aliyewahi kuliita la familia.

Sasa tuje kwenye safari yako ya kurudi. Umeniandikia changarawe nusu siku, magogo, na maji yasiyokauka. Umeniandikia pia sentimeta kumi na mbili, kwa mkono wako mwenyewe. Gari lililokwaruzwa na tuta la kituo cha mafuta litakufikisha wapi, mzee wangu? Mtu anayetaka kwenda kwenye barabara ile angetafuta gari la juu lenye matairi kama ya trekta, au angekata tiketi ya basi. Nafasi ya kufanya hivyo ulikuwa nayo miaka mingi. Hukukata. Sikulaumu, nadhani ulikuwa na sababu nzuri, na huenda baadhi ya sababu hizo bado zimesimama palepale barabarani. Ila usimtwike muuzaji wa magari mzigo huo, yeye anajua sekunde nne tu.

Unauliza nani atabaki wa kusema tunarudi. Utabaki wewe. Sema kila asubuhi ukipenda, ukiwa umeketi kwenye kiti chenye miguu minne ya mbao. Karatasi za kununulia nyumba nimewahi kuzisoma, tena zangu mwenyewe. Zinauliza jina, zinauliza namba ya kitambulisho, zinauliza mipaka ya choo. Hakuna mstari unaokuuliza kama umesahau kwenu. Kukumbuka kwenu utaendelea nako bure, bila kodi, ndani ya vyumba ambavyo hakuna daktari wa meno atakayekutoa.

Na mkeo, mzee wangu. Ulipomwambia kabati halibebeki, yeye alikuwa amechoka kama wewe na amepoteza kama wewe, lakini alinyamaza ili wewe uendelee kutumaini. Huo ni upole mkubwa sana, na ameutoa bila kukatisha. Mtu kama huyo akikiacha kiti cha tatu bila kukikunja, usingoje aongeze neno.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho, Alhamisi, usingoje Ijumaa, nenda kwa mwenye nyumba pamoja na mkeo. Mtafute wakili azisome karatasi kabla ya sahihi, maana sukari vijiko vitatu si mkataba. Majina yaandikwe mawili, lako na lake, na kama kuna pa kuandika moja tu, liwe lake. Ukitoka hapo pitia dukani kwa yule muuzaji umwambie hapana mwenyewe, uso kwa uso, usijifiche. Kijana wa watu ametazama tumbo la gari lake likikwaruzwa na bado akakuita mzee wangu. Halafu ununue kitambaa kizuri cha koti. Mama mkwe apimwe upya, mara hii ameketi, na vifungo usimchagulie.

Hamu ya gari haitaisha, najua, wala siombi iishe. Mwakani mkishapumua, kuna watu wanaokodisha magari ya namna hiyo kwa siku moja. Kodisha. Mkeo akae mbele, nyuma pasiwe na mtu, mshike lami iliyonyooka, mrudi kabla ya chakula cha mchana mkiwa bado mnazungumza.

Lakini yote hayo ni baada. Leo, ukimaliza kusoma ukurasa huu, nenda chumbani kwa mkeo. Usimtume mama yake, usimwachie gazeti mezani alione mwenyewe. Mwambie neno moja: tunabaki. Kisha nyamaza, mzee wangu, maana wewe ukianza kueleza utaishia kwenye injini.