Mlango wa Boti ya Kuokolea

Jumamosi, Muthangari

Bado maneno ya mjomba yananiuma. Mwaka mzima nimechora boti ya kuokolea yenye paa, kwa ajili yake. Meli aliyofanyia kazi ilipozama, yeye na wenzake walikaa siku nne kwenye boti wazi, na jua likamuua rafiki yake.

Leo nilimketisha ndani ya mfano wake wa mbao, wa ukubwa kamili, hapa uani. Akauliza, "Huu mlango unafungwa wakati gani?"

"Watu wakijaa, mjomba."

"Mimi nilivutwa kutoka majini wa mwisho, boti ishajaa. Wewe ungenifungia nje."

Nikamwambia yeye si injinia. Akaondoka bila kunywa chai.

Alisema kweli. Jumatatu bosi wangu anapeleka michoro kiwandani boti ikaundwe, nami sitamwambia kitu kuhusu mlango. Najijua, mimi mwoga.