Machozi Niliyomzulia Mama Odile

Jumapili, Kolwezi. Vumbi tangu asubuhi. Nguo nilizoanika zimerudi ndani chafu kuliko zilivyotoka. Lakini si vumbi linalonikera. Najionea kinyaa mwenyewe.

Mwezi uliopita niliweka hapa hadithi ya mjane wa Musonoi. Mume wake mchimbaji anafukiwa shimoni, yeye anabiringika chini, anang'oa nywele, jua linageuka damu. Mkaniandikia kwamba mmelia. Nilisoma maoni yenu mara nne, nikitabasamu peke yangu.

Jambo ambalo sikuwaambia ni kwamba mjane huyo yupo. Ni jirani yangu, tunachota maji bomba moja. Nitamwita Mama Odile, ingawa si jina lake. Mume wake alifukiwa na udongo mwaka jana. Sikumuuliza neno lolote. Nilichukua kifo cha mume wake, nikakipaka rangi.

Leo baada ya misa ameniita kwake. Binti yake alikuwa amemsomea hadithi yote kwenye simu. Nilikaa nikingoja sifa.

Ndiyo, sifa.

Akasema polepole, bila hasira: "Ule mwanamuke wa mu hadisi yako, mi simujue. Ile siku sikulia. Bukari iliungua, nilikuwa nakwangua nyungu. Nilimaliza kwanza kukwangua, njo niliuliza bale balileta habari kama tata alikula asubui."

Hayo tu: ugali ulioungua chunguni, na swali kama mume wake alikula asubuhi.

Na hapa ndipo penye kichefuchefu chenyewe. Wakati anaongea, mimi nilikuwa tayari naitamani ile nyungu. Niiweke mwanzoni au mwishoni? Mtu ananionyesha kidonda chake, mimi napanga aya.

Nilimwomba msamaha, nikamwambia nitaifuta hadithi. Kisha, kwa aibu, nikauliza kama naweza kuiandika upya. Alipangapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mwishowe akasema: "Andika. Lakini usiniongezee machozi."

Nimeifuta mchana huu, pamoja na maoni yenu. Mnisamehe. Kabla ya kuifuta niliisoma kwa sauti, na ilinishinda kumaliza. Hakuna sentensi hata moja niliyoiona kwa macho yangu wala kuisikia kwa mtu. Miaka yote hii nilidhani kuandika vizuri ni kuongeza.

Nimeanza upya. Niliweka wanaume wawili mlangoni, nikawafuta, maana sikuambiwa walioleta habari walikuwa wangapi. Imebaki nusu ukurasa: mwanamke, nyungu, bukari iliyoshika chini. Nilipofika kwenye swali lake, nikakwama.

Walimjibu nini? Mume wake alikuwa amekula, au alishuka shimoni na njaa?

Sijui. Nilishughulika na nyungu hata sikumuuliza.

Kesho nikitoka kazini nitapita kwake. Daftari litabaki nyumbani.