Fundi Viatu Si Mwombaji

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi kaja afisa wa manispaa, yule ninayemwita Muhuri. Kasimama barazani, kakanyaga gundi yangu, kaniuliza kibali kiko wapi. Kibali cha nini? Cha kushona viatu. Miaka ishirini na sita nimekalia kigoda hiki, kwenye baraza la nyumba ninayolala, leo naambiwa siruhusiwi. Kaniachia fomu. Isiporudi kabla ya Ijumaa, Ijumaa wanakuja kubeba cherehani. Nimechoka hata kucheka.

Jumanne, 4 Machi

Fomu ina kurasa nne. Juu kabisa: JINA LA MWOMBAJI. Halafu mwombaji anaahidi, mwombaji anakiri, sahihi ya mwombaji. Neno hilo limo mara kumi na moja. Naomba nini mimi? Ombaomba yuko kwenye ngazi za benki na kopo lake. Mimi nashika sindano. Nimelikata neno lote kwa wino, kila mahali, juu yake nikaandika FUNDI.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwepo. Kacheka mpaka chai ikampalia. Eti ni lugha ya ofisi tu, na bila serikali nani angewachunga mafundi matapeli? Wateja, nikamwambia. Mwezi jana nilikosea kiatu cha mwalimu, soli ikabanduka akiwa mbele ya darasa. Alikuja amenuna. Nikakiri kosa ni langu, nikakifumua chote, nikakishona upya huku anaangalia. Afisa gani alitusimamia? Tulimalizana watu wazima wawili.

Na barabara je, shemeji akauliza. Bora alivyoitaja. Shimo la hapo mbele nililijaza mimi kwa kokoto zangu, nikaletewa barua ya onyo kwa kuziba shimo bila kibali. Shimo lenyewe halijawahi kuandikiwa barua.

Jumatano, 5 Machi

Nimepeleka fomu. Foleni ya masaa matatu, feni moja, nayo inamtazama Muhuri peke yake. Kaisoma kwa kidole. Kasema imeharibiwa. Nikasema imesahihishwa. Akasema mfumo hautambui fundi, unatambua mwombaji. Kanipa nyingine, na ushauri juu: mzee, andika tu, neno haling'ati.

Wanataka ukubali kwanza kwamba mikono yako ni yao, ndipo wakuazime.

Nyumbani nimeitupa mezani: sisaini, na waje. Mke wangu akauliza kama huo msimamo utapikwa au utaliwa mbichi. Nikamjibu kila mtu mzima ajiamulie lake na abebe matokeo yake. Akaanza kuondoa vyombo mezani. Nikajua nimeshinda.

Alhamisi, 6 Machi

Jozi mbili tu. Fomu haipo mezani. Mke wangu kaitupa, vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nilivaa shati safi, nikawasubiri. Saa nne wakaja wawili. Muhuri kaniamkia — shikamoo kabisa, hajawahi! — akabandika karatasi ukutani, wakaenda zao. Cherehani hawakuigusa.

Nikavaa miwani. Kibali. Jina la mwombaji: mke wangu. Mmiliki wa biashara: mke wangu. Idadi ya wafanyakazi: mmoja.

Huyo mmoja ni mimi.

Nimeingia ndani, nikamuuliza mke wangu: Nani kakutuma? Alikuwa anakunja nguo, hata kichwa hakuinua. Hakutumwa na mtu, kasema. Nyumba kaachiwa na marehemu baba yake, baraza ni lake, kajiamulia. Si ndivyo nilivyosema juzi?

Nimekaa kitandani na daftari hili, viatu miguuni. Nilitaka kumwambia hana haki. Haki anayo, na ndiyo hiyohiyo ninayoipigia kelele siku zote. Nimejichukia. Muhuri namchukia zaidi, lakini tofauti si kubwa kama jana.

Naweza kuacha kazi. Hilo nalo ni langu, hakuna wa kunishika.

Kuna mtu barazani. Mama mmoja, ndara yake imekatika kamba, anawahi zamu hospitalini. Mke wangu kamkaribisha, kisha kaja mlangoni hapa. Hajanituma. Anauliza tu, kwa adabu ambayo sijaisikia tangu tuoane, kama leo nitapenda kufanya kazi au la, niamue mwenyewe.

Bado amesimama. Na yule mama wa watu huko nje kasimama kwa mguu mmoja.