Mwali Aliyekataa kwa Vidole

Mume mwenzangu Ramadhani,

Marahaba, najua umeniamkia. Mke wetu, yaani bibi yako, hajambo, anakoroma. Kuku wako ameliwa, usiulize na nani.

Unasema hapo shuleni Korogwe viziwi mnafundishwa Kiswahili cha kuandika na lugha ya alama. Unauliza, ukija likizo huku Sindeni uziache hizo alama, maana watu wanacheka?

Dada yangu Mwajuma alikuwa kiziwi kama wewe. Alipoposwa na mzee mmoja wa Kang'ata, aliulizwa kama anamtaka. Kwa desturi yetu, mwali akinyamaza amekubali. Mwajuma, basi, akanyamaza. Wazee wakainua mikono kuomba dua. Nikamwona anakung'uta vidole, vile tulivyozoea nyumbani kuambiana tufukuze kuku kwenye mahindi.

"Amekataa," nikasema.

"Wewe umemsikia wapi?" shehe akauliza.

"Kwenye vidole."

Wageni wakala wali wetu, wakarudi kwao bila mke.

Kwa hiyo njoo na mikono yote miwili. Kucheka watacheka, hata mimi nitacheka. Ila nifundishe kwanza, nijue unavyonitukana kwa ajili ya kuku.

Babu yako, mwenye shibe