Ukurasa wa Tatu wa Jumamosi Ile

Baba yangu,

Shikamoo. Hili ninaloliandika, hata ungekuwepo nisingeweza kulisema uso kwa uso. Mdomo wangu unaujua.

Unakumbuka maji ya mto Mkondoa yalipoingia ndani yakachukua debe la mbegu ya bibi, ule mpunga wa mlimani, Mkia wa Kwale? Hukulilia godoro wala redio. Ulililia debe. Halafu pale shamba la mbegu Kilangali, ulikokuwa ukishinda matopeni kung'oa mpunga uliochanganyika, mtaalamu mmoja akakwambia mbegu za zamani zilikusanywa, vinasaba vyake vikapimwa na kuwekwa kwenye mtandao. Jumamosi hiyohiyo ukavaa shati la kanisani, ukanichukua twende kwenye chumba cha intaneti Kilosa mjini, maana Kiingereza cha shule nilikuwa nacho mimi.

Akaunti zilikuwa za aina mbili. Mtafiti anafungua kurasa zote. Mgeni anafungua tatu kwa siku, basi, mpaka kesho. Nikakunong'oneza tujiandikishe watafiti, nani atajua. Ukakataa.

"Mwanangu, kazi yangu ni kung'oa mpunga uliojifanya mbegu. Leo nijifanye mimi?"

Tukawa wageni. Kila Jumamosi kurasa tatu, mimi nashuka na orodha ya majina ya mbegu, wewe unatikisa kichwa. Kaka msimamizi wa intaneti, akituona tunautafuta mpunga kama ndugu aliyepotea, akakutania, eti mpunga nao una mashangazi? Ukamjibu anao, tena wana adabu kuliko yeye. Alicheka mpaka akasahau wateja.

Sasa nakiri. Jumamosi ile ya mwisho tulikuwa tumefungua kurasa mbili. Wakaingia wasichana wa darasani kwangu. Wewe una tope kwenye kucha, kidole kiko kwenye kioo, unatamka majina kwa sauti kubwa. Nikaona haya, Baba. Nikafunga, nikakwambia tatu zimeisha.

Hukuwa umehesabu. Uliniachia mimi.

"Haya, Jumamosi ijayo," ukasema, ukamshukuru yule kaka.

Alhamisi ukaanguka shambani. Jumamosi tukakuzika.

Ulipita mwezi ndipo nikaenda, peke yangu. Nikafungua ukurasa niliokunyima. Jina la nne kutoka juu: Mkia wa Kwale. Kijiji cha bibi kimeandikwa. Mbegu imehifadhiwa, na bado inaota. Nilipobonyeza nione ndugu zake, nikaambiwa hayo ni ya watafiti. Sikubisha. Wewe ulitaka kujua moja tu, kama bado ipo.

Ipo, Baba. Ilikuwepo Jumamosi ile.

Kila nikirudi pale napewa tena kurasa tatu, kama vile sijawahi kukudanganya. Nafungua ule mmoja. Natamka jina kwa sauti, hata kukiwa na watu.

Pumzika, Baba.

Binti yako, aliyekuwa akikusomea